Mgonjwa wa Kisukari Afundishwe Kujihudumia



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunapenda kuzungumzia ugonjwa wa kisukari, ambao umeingia katika nyumba nyingi za mji wetu wa Arusha na hata katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban watu 9 katika kila watu wazima 100 wa Tanzania walikuwa nao.

Mwaka una saa 8,760. Mgonjwa anayehudhuria kliniki kila mwezi, hata akikaa na daktari saa nzima kila mara, hupata saa 12 tu. Saa zote zilizobaki yeye ndiye mwangalizi wa mwili wake. Kwa hiyo dawa bila elimu ni nusu ya tiba, na elimu tunayoikusudia ni ya kutenda kwa mkono. Kabla ya kuruhusiwa kutoka wodini, inafaa mgonjwa mwenyewe, mbele ya muuguzi, apime sukari, avute insulini kwa kipimo sahihi na ajidunge. Mke, mume au mtoto atakayemwangalia nyumbani naye awepo na ajifunze.

Jambo la pili ni kuitambua sukari iliyoshuka. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio. Hapo anywe mara moja maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akizimia, asitiliwe kitu mdomoni, bali apelekwe hospitali upesi.

Tatu ni miguu. Kisukari hufisha ganzi miguu, na mtu asiyesikia maumivu hukanyaga msumari asijue. Katika baridi ya Juni na Julai wengi wetu huota moto kwenye jiko la mkaa. Mwenye ganzi huungua bila habari, na kidonda kidogo huweza kuishia kukatwa mguu. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliliona hilo, wakaanzisha mpango wa Step by Step, ambao uliwafundisha daktari na muuguzi kwa pamoja kutoka mikoa mbalimbali, ili nao wakawafundishe wagonjwa kuitunza miguu yao. Nasi Waislamu tuna nafasi ya pekee: tunaosha miguu kwa ajili ya udhu mara kadhaa kwa siku. Basi mgonjwa aitazame nyayo, akaushe katikati ya vidole, na akitoka msikitini akung'ute viatu kabla ya kuvivaa.

Nne ni saumu. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa hulisha maskini. Hata hivyo wako wanaoona haya, wakafunga kwa siri na kuacha sindano. Huko ni kuhatarisha nafsi ambayo ni amana. Mgonjwa amwone daktari mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani, wala asibadilishe dozi kwa rai yake. Aliyeruhusiwa kufunga apime sukari mchana. Wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Kipimo kikiwa chini ya 4, afungue papo hapo.

Ndugu zetu, kila msikiti unaweza kumwalika muuguzi mmoja baada ya sala ya Ijumaa, kabla Ramadhani haijaingia, aje na kipimo chake na kufundisha mbele ya jamaa. Wanawake nao wasiachwe nje, kwani wengi wao ndio wapikao chakula na kuuguza. Atakayejifunza leo huenda akaokoa mguu wa baba yake kesho.

Wabillahi tawfiq.