Terry Fox na Mbio Zisizokoma

Makala ya juma hili yanahusu urafiki na saratani inayowapata watoto na vijana, na jinsi walio hai wanavyoweza kumkumbuka marehemu kwa vitendo.

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Maneno hayo yanamfaa Doug Alward, kijana wa Kanada aliyeendesha gari mwaka 1980 huku rafiki yake, Terry Fox, akikimbia kwa mguu mmoja mzima na mwingine wa bandia.

Terry alizaliwa mwaka 1958 mjini Winnipeg na kukulia Port Coquitlam, katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Shuleni alikuwa mfupi, wala hakuhesabiwa kuwa na kipaji cha mpira wa kikapu. Aliipata nafasi yake kwa mazoezi, mara nyingi akiwa na Doug, hata wawili hao wakatunukiwa kwa pamoja tuzo ya mwanamichezo bora walipofika darasa la 12.

Mwezi Machi mwaka 1977, Terry akiwa na umri wa miaka 18, maumivu ya goti yalibainika kuwa ni saratani ya mifupa, ya aina inayowapata zaidi vijana walio katika umri wa kukua haraka. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Aliambiwa kwamba kwa tiba ya kemikali uwezekano wake wa kupona ulikuwa asilimia 50, ilhali miaka miwili tu kabla ya hapo ungalikuwa asilimia 15. Tofauti hiyo ililetwa na utafiti, na Terry hakuisahau. Katika miezi 16 ya matibabu aliwaona wagonjwa wenzake wakiteseka na kufa, wengine wakiwa watoto wadogo. Akaazimia kuvuka Kanada kwa miguu ili kuchangisha fedha za utafiti.

Tarehe 12 Aprili mwaka 1980 alichovya mguu wake wa bandia katika bahari ya Atlantiki, karibu na mji wa St. John's, akaanza safari ya kuelekea magharibi. Kila siku alilenga kukimbia kilomita 42 hivi. Doug alitangulia na gari maili moja, akasubiri, kisha akatangulia tena. Alipika pia. Haikuwa kazi nyepesi: baada ya majuma machache marafiki hao waligombana hadi wakawa hawasemezani, na ikabidi wazazi wa Terry wasafiri kwenda kuwasuluhisha. Hata hivyo, Doug hakuondoka.

Huko Ontario, mvulana wa miaka 10 aliyekuwa amekatwa mguu kwa saratani ya aina ile ile alimfuata Terry kwa baiskeli. Terry aliihesabu siku hiyo kuwa miongoni mwa zilizomtia moyo kuliko zote. Mtoto huyo naye hakuishi muda mrefu.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, Terry alishikwa na maumivu ya kifua. Aliingia garini na kumwomba Doug ampeleke hospitali. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alifariki dunia tarehe 28 Juni mwaka 1981, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 23.

Hapo ndipo walio hai waliposhika kijiti. Isadore Sharp, mwenye hoteli aliyefiwa na mwanawe kwa saratani mwaka 1978, alikuwa amemwahidi Terry kwamba mbio zingefanyika kila mwaka kwa jina lake. Terry alitaka mbio hizo zisiwe na mshindi wala mshindwa. Mbio za kwanza, mwezi Septemba mwaka 1981, ziliwakusanya watu 300,000. Tangu wakati huo zimefanyika katika nchi nyingi, zikiwemo Falme za Kiarabu, ambako Abu Dhabi na Dubai zimekuwa wenyeji. Fedha zilizopatikana kwa jina la Terry zimepita dola za Kanada milioni 850.

Je, msikilizaji wa Kiswahili ana lipi la kujifunza? Afrika Mashariki imo katika historia hii. Mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alichapisha mwaka 1958 taarifa kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Baadaye ilionekana kwamba saratani hiyo, inayoitwa kwa jina lake, huweza kuponywa kwa dawa. Hivyo si kweli kwamba saratani ya mtoto ni hukumu ya kifo.

Lakini tarakimu alizopewa Terry bado zinawagawa watoto, na leo kinachowagawa ni mahali walipozaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi maskini, hawafiki asilimia 30. Wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, au huacha matibabu kwa kukosa fedha. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030.

Basi aliyefiwa na rafiki au mwanafunzi mwenzake ana kazi ya kufanya. Na awaeleze majirani kwamba weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho la mtoto, uvimbe wa tumbo au taya, na maumivu ya mfupa yasiyokwisha ni dalili za kupelekwa hospitali bila kukawia. Na achangie nauli ya mama anayemrudisha mtoto kliniki. Machozi ni haki ya marehemu. Lakini mtoto aliye kitandani leo anahitaji zaidi ya machozi.