Lobito iko mbali, lakini mambo yake ni yetu



Leo nitasema juu ya bahari. Najua, mu Likasi hatuna bahari. Lakini bei ya mchele, ya dawa na ya mpira wa gari inaanzia ku bandari. Kamio ikilala siku mingi ku duane ya Kasumbalesa, mwenye mali analipa, nyuma mama wa soko analipa, na mwisho ni wewe.

Bandari moja ilijengwa juu ya mukuba yetu. Ni Lobito, ku Angola. Mu 1902 Robert Williams, mzungu wa Scotland, alipata ruhusa ya Wareno kujenga reli toka Lobito mpaka Katanga. Alikuwa anatafuta shaba. Reli ile ikaungana na yetu pa Tenke mu 1931, na toka Tenke kuja huku Likasi njia ilikuwa tayari. Bababu zetu walichoma shaba pale Shituru, ikapanda treni, ikaenda kupanda meli. Mu 1975 vita ya Angola ikafunga njia. Tangu pale mali ilipita kusini, ama ku Ilebo na mtoni mpaka Kinshasa na Matadi. Leo inapita juu ya makamio, kwenda Dar es Salaam na Durban. Makamio yale munayajua, munakula vumbi yake kila siku.

Sasa Lobito imeamka. Wachina walitengeneza reli ya Angola upya, na mu 2022 serikali ya kule ikaipa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kwa miaka 30. Mwisho wa 2023 treni ya kujaribu ilibeba shaba toka Kolwezi, ikafika Lobito kwa siku 8. Mu Desemba 2024 Biden mwenyewe alifika kule. Upande wetu, toka Dilolo, iko bado reli ya zamani ya SNCC.

Mutu asiseme niko adui wa Lobito. Treni moja inaondoa makamio mingi mu barabara, na hiyo peke yake ni afya ya watoto wetu. Lakini musikilize vizuri vile wakubwa wanasema: Kolwezi, Kolwezi, Tenke. Likasi, hapana. Reli inapita hapa, kituo kiko hapa, mausine yako hapa, na hakuna mutu anatuambia kama treni ya Lobito itapakia Likasi ao kama sisi tutabakia na vumbi tu.

Na kitu ingine: treni inaenda na shaba, inarudi na nini? Tunasikia zaidi ni sulfuri ya mausine. Kwa nini isirudi na samaki ya Lobito, na chumvi, na simenti? Wagoni yenye kurudi tupu ni bei ya juu kwa kila mutu. Na ile kontra ya upande wa Kongo, tunataka kuisoma, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Maswali haya tumeyaandika mu barua moja ya kupeleka ku meri. Mwenye kutaka kutia saini aje mbele ya Jumamosi. Ba papa waliofanya kazi ku reli, tunawaomba sana mukuje: ninyi njo munajua wagoni ngapi zilikuwa zinatoka hapa kila siku, na sisi hatuna karatasi yenye kuonyesha.