VIFUKO VYEUPE NDANI YA BUA
(Mazungumzo ya Kamati ya Kilimo katika mkutano wa wanachama)



Juzi katika shamba la ushirika tuling'oa mahindi yaliyokauka kiini. Tulipopasua bua moja tulimkuta funza amenyauka, na kando yake vifuko vyeupe vingi vimeshikana kama pamba. Mwenzetu akapaza sauti: "Mayai ya funza hayo, pondeni!" Tukaviponda, na mimi mguu wangu ulikuwamo. Jamani, tulikosea. Tuliwaua walinzi wetu.

Mayai ya funza yule hayako ndani ya bua. Nondo huyataga usiku kwenye jani, yamelaliana kama magamba ya samaki. Vile vifuko ni vya nyigu mdogo mweusi, ukubwa wake kama sisimizi tu, wala haumi mtu.

Sasa sikilizeni maisha yake. Nyigu jike hufuata harufu ya kinyesi cha funza, akaingia katika tundu la bua mpaka alipo. Humchoma na kumtilia mayai mwilini, kama 30 au 40 kwa mara moja. Wengine huumwa na funza wakafia humo humo, lakini mayai yamekwisha kuingia. Siku ya 3 hivi mayai huanguliwa. Watoto hao hujilisha ndani ya mwili wa funza, naye bado anatembea. Zikikaribia wiki 2 humtoboa ngozi, wakatoka na kujisokotea vifuko vya uzi. Funza huishia hapo. Baada ya siku 6 hivi nyigu wapya hutoka, wakapandana, wakatafuta funza wengine. Huishi siku chache tu.

Funza mwenye madoa alitoka Asia, akamwacha adui yake huko. Watafiti wa ICIPE, Nairobi, wakamleta nyigu huyu kutoka Pakistan, na mwaka 1993 wakamwachia katika mashamba ya pwani ya Kenya. Akazoea, akazaana. Afrika tunaye pia ndugu yake wa asili, mwenye vifuko kama hivyo.

Mtu atauliza: basi tukae tumngoje nyigu? Hapana. Hawezi kuwamaliza funza wote. Kwa hiyo:

1. Ukimkuta funza mzima ndani ya bua, muue.
2. Ukikuta vifuko vyeupe, rudisha bua shambani penye kivuli, uliache wiki moja.
3. Usinyunyize dawa ovyo. Funza aliye ndani ya bua haimfikii. Anayekufa ni nyigu aliye nje.
4. Mabua ya msimu uliokwisha tuwalishe ng'ombe au tuyafukie, maana funza hulala humo wakati wa kiangazi.

Ndugu zangu, huyu ni mlinzi asiyedai posho wala chakula cha mchana. Tusimponde tena.



Katibu, Kamati ya Kilimo