Uvimbe wa Taya: Jeraha Kupona Siyo Mwisho wa Matibabu



Nimeombwa niseme machache hapa Ivuna kuhusu uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma. Uvimbe huu huanzia kwenye chembechembe zilizobaki ndani ya taya tangu meno yalipokuwa yakiumbika. Siyo saratani, tena ni wa nadra. Lakini kati ya uvimbe wote utokanao na chembechembe hizo, tafiti za Muhimbili zimeonyesha kuwa huu ndio unaoongoza Tanzania. Hushika zaidi taya la chini, hukua polepole na mara nyingi hauumi. Hapo ndipo penye hatari. Mgonjwa hung'oa jino lililolegea, hujaribu mitishamba, misimu inapita, hadi uso unapinda na kula kunakuwa shida.

Vidonge haviuponyi, sharti upasuaji. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi, kwa sababu hupenya mfupa kupita pale unapoonekana. Ndiyo maana madaktari bingwa huukata pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima. Hata hivyo unaweza kurudi. Zaidi ya nusu ya unaorudi hujitokeza ndani ya miaka 5, na mwingine baada ya miaka 10 au zaidi. Mara chache sana hugeuka saratani, au husambaa hadi kwenye mapafu, hasa kwa waliorudiwa mara kwa mara.

Ndugu zangu, kutoka hapa hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni gharama, na Muhimbili ni mbali zaidi. Ni rahisi kuchangia nauli ya upasuaji, kufurahi jeraha likipona, kisha kusahau. Uvimbe ukirudi kimya kimya, mchango wa kwanza umepotea, na mfupa uliobaki wa kuokoa ni mdogo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Mwenye uvimbe wa taya, au jino linalolegea bila sababu, apigwe eksirei kabla ya kung'olewa jino.

2. Kila kamati iwe na daftari la waliopasuliwa, tarehe zao za kurudi kliniki, na nakala za majibu ya maabara.

3. Wafadhili, mnapochangia upasuaji, tengeni pia nauli ya marudio kwa miaka isiyopungua 5.

Nauli hiyo ni ndogo kuliko upasuaji wa pili.