Ujira ni Deni, na Deni Huandikwa



Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni, madogo kwa makubwa. Aya hiyo ndiyo ndefu kupita zote katika Kurani. Twaisoma, lakini ni nani kati yetu akumbukaye kwamba saa ya mfanyakazi isiyolipwa nayo ni deni?

Hapa Butihinda wachukuzi hupakua malori Kobero tangu asubuhi, na jua likitua bado wamo mzigoni. Sheria ya nchi yasema siku ya kazi ni saa 8. Zaidi ya hapo hulipwa kwa nyongeza. Tajiri husema, "Tutahesabu kesho." Kesho hesabu imo kichwani mwake peke yake.

Wala tusijifiche nyuma ya kima cha chini cha mwaka 1988, faranga 105 kwa siku huku mikoani, fedha ambayo leo hainunui hata mkate.

Mimi mwenyewe sikusalimika. Nilipojenga nyumba, kibarua alidai siku 11, nami nikakumbuka 9. Daftari hapakuwa. Nilimlipa 9, akaenda zake kimya. Hata leo sijui nani aliyekosea, wala alipo nimtake radhi.

Basi kila mwenye vibarua na aweke daftari: jina, siku, saa na fedha, na mfanyakazi atie sahihi au dole gumba. Siku ya Hesabu tutasomewa daftari lisilopotea. Heri la kwetu liafikiane nalo.

Wabillahi tawfiq.