Mawe ya Thimlich na Mawe ya Oxford

Yafuatayo ni mazungumzo juu ya matembezi ya siku moja katika Migori na Homa Bay, pamoja na habari za mji wa Oxford.



Mtu akienda kuutazama mji wa Oxford, Uingereza, kwa siku moja, kitu cha kwanza akionacho ni kuta. Mafunzo yalikuwako mjini humo tangu mwaka 1096, na vyuo vya kwanza vilianzishwa katika karne ya 13. Vyuo vya zamani vimezungukwa na kuta za mawe, na lango la kila kimoja lina bawabu wake. Kuta hizo zilikuwa na kazi. Mwezi wa Februari mwaka 1355 wanafunzi na wenyeji wa mji walipigana, na watu wengi wakauawa. Hata leo kengele kubwa ya chuo cha Christ Church hupigwa mara 101 kila usiku, saa tatu na dakika tano, kwa kuukumbuka wakati ambapo malango yalikuwa yakifungwa.

Mwenyeji wa Migori hawezi kuuona mpango huo kuwa mgeni, kwa maana wazee wa nchi yake waliujua. Kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori ipo Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa yapata miaka 500 iliyopita. Kwa Kijaluo jina hilo lataja pori la kutisha na boma lililojengwa humo. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kama mita moja. Malango ni mafupi, hata aingiaye hulazimika kuinama. Adui aliyeinama hakuweza kupigana vema. Watu na mifugo yao walilala ndani kwa salama.

Lakini ajabu kubwa ya Thimlich ni kwamba mawe yake yamepangwa bila saruji wala chokaa. Upande wa nje una mawe yake, upande wa ndani una yake, na katikati vimeshindiliwa vijiwe vidogo. Ukuta wa namna hiyo hutaka kuangaliwa daima: mzizi wa mti ukipenya, au mbuzi akipanda juu, jiwe moja huanguka na mengine hulifuata. Watu wa makabila mbalimbali, Wabantu na Waniloti, walikaa mahali hapo kwa kupokezana, na waliokuja baadaye wakatengeneza kuta walizozikuta. Ndiyo sababu zimesimama hata leo. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliitia Thimlich Ohinga katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Msafiri aliyeondoka Migori alfajiri aweza kupita Thimlich, kisha akashika njia ya Homa Bay na Mbita, akavuka daraja kuingia kisiwa cha Rusinga. Huko lipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Huyu ndiye aunganishaye nchi hii na Oxford. Alikuwa amewahi kuwa mkaguzi wa afya katika mji wa Nairobi, naye alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alipokwenda Oxford mwaka 1955 kusoma katika chuo cha Ruskin, kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Alikaa huko kama mwaka mmoja tu. Aliporudi hakujivunia kwamba yeye ameingia langoni. Alishughulika kuwafungulia wengine. Mwaka 1959 ndege iliwachukua vijana 81 kwenda kusoma Marekani, na yeye alikuwa miongoni mwa waliotafuta fedha na nafasi za masomo. Leo mjini Homa Bay kipo chuo kikuu chenye jina lake.

Basi mwalimu anayewaza kuwaonyesha wanafunzi wake mahali pa kale asidhani ni lazima wavuke bahari. Na wazazi waishio karibu na maboma ya mawe, ambayo yapo mengi katika sehemu hizi, wakumbuke kwamba jiwe likichukuliwa kujengea jiko ni vigumu kurudi mahali pake. Afikaye Thimlich asipande juu ya kuta, wala asiondoke na jiwe. Awaulize wazee nani aliishi hapo, na majibu yao yaandikwe, kwani mzee akifa huenda na habari zake.

Oxford husifiwa kwa sababu kila kizazi kilitengeneza paa lililovuja na kutunza vitabu vilivyoachwa. Thimlich nayo ilitunzwa hivyo hivyo, na watu ambao majina yao hayajulikani. Sasa zamu ni ya waliopo. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa miaka 500 ukianguka, nani awezaye kuujenga tena?