Maji, Kijiti na Nuru: Maneno Machache juu ya Kupiga Picha za Ndege Uani



Nimeombwa niseme machache juu ya upigaji picha za ndege, kazi inayonishughulisha uani kwangu Tanga tangu nilipostaafu. Sababu ya kuombwa naijua. Vijana wa klabu ya mazingira wametuletea ombi la mchango wa lenzi ndefu ya kamera. Sikusimama kulipinga ombi hilo. Nasema tu kwamba lenzi inunuliwe mwisho, kwa kuwa picha nzuri huanza kutengenezwa uani kabla kamera haijatoka mkobani.

La kwanza ni maji. Mtama na uwele huwaleta shomoro na mnana, lakini chozi hufuata majimaji matamu ya maua, na shore hupenda matunda. Maji huwaleta wote. Kigae cha chungu chenye maji ya kina cha vidole viwili kinatosha. Kisuguliwe na maji yabadilishwe kila siku, maana ndege wakikusanyika mahali pachafu huambukizana maradhi.

La pili ni kijiti. Wengi humpiga picha ndege akiwa juu ya sahani, na picha ikawa ya sahani. Chomekeni tawi kavu kiasi cha nusu mita kutoka penye chakula. Ndege hupenda kutua kwanza, atazame kama pana usalama, ndipo ashuke. Hapo ndipo mumpige. Nyuma ya tawi iwepo nafasi ya mita 4 au 5 hadi ukutani au kwenye majani, ili vitu vya nyuma vififie, naye ndege ajitokeze.

La tatu ni nuru. Jua la saa 6 mchana huangusha kivuli kizito usoni mwa ndege. Pigeni kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, jua likiwa mgongoni mwenu. Inameni hadi kamera ilingane na ndege, mkalenge jicho lake. Ndege aliyetulia mtampata kwa 1/250 ya sekunde. Anayepiga mbawa huhitaji 1/1000 au upesi zaidi. Na mkiketi kimya nyuma ya pazia la dirisha, ndege watasogea karibu sana hata lenzi ndefu msiione haja yake.

La nne ndilo lililonisimamisha hapa. Pwani yetu ina kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, kisha akaenea huku bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Mkimwaga mabaki ya ugali na nyama uani, mnamwalika yeye. Na mkikata majani yanayofunika kiota ili picha itoke vizuri, mmemwonyesha njia. Picha itabaki, makinda hayatabaki.

Eric Hosking, Mwingereza aliyesifika kwa picha za ndege, alipoteza jicho moja mwaka 1937 alipopigwa na bundi karibu na kiota. Bundi ana kucha za kujitetea. Chozi hana, yeye hukimbia tu, mayai yakapoa. Kwa hiyo vijana, kiota kiacheni. Ndege anayekuja mwenyewe kunywa maji yenu anatosha.

Ndugu Mwenyekiti, natoa pendekezo. Klabu iweke kigae na tawi nyuma ya bweni, na kwa muhula mmoja iandike katika daftari tarehe, saa, aina ya ndege, na alichokijia. Wapige picha kwa kamera au simu iliyopo. Atakayewajua ndege wake kwa saa zao ndiye atakayeitumia lenzi ipasavyo. Muhula ukiisha, tulitazame daftari hilo. Likiwa limejaa, mchango wangu wa lenzi uko tayari, na nitawadai wenzangu mmoja mmoja. Vigae viwili vya kuanzia nimekwisha kuvileta. Viko kwa Mwalimu Mkuu.